Chema Chajiuza, Kibaya Chajitembeza: Mikakati ya Uuzaji katika Vilabu vya Pombe vya Miji

1.0 Utangulizi

Kazi za halmashauri ya mji zinafahamika: kuzoa taka, kusimamia masoko, kupima viwanja, kutoza ushuru na kutunza barabara. Ni nadra mtu kuitaja pombe miongoni mwa kazi hizo. Hata hivyo, tangu mwanzo wa karne ya 20 miji kadhaa ya Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini imewahi kupika au kuuza pombe yenyewe, au kuwapangishia wauzaji nafasi chini ya usimamizi wake, na faida iliyopatikana ikalipia nyumba, zahanati na kumbi za starehe. Nje ya Afrika pia iko miji ambayo hadi leo inamiliki maduka ya vileo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi biashara hiyo ilivyopangwa na ilivyowafikia wateja wake. Swali la msingi ni hili: mji unawezaje kuuza kitu ambacho, kwa wadhifa wake, unapaswa pia kukipunguza? Mfanyabiashara wa kawaida hufurahi mauzo yanapoongezeka. Halmashauri ya mji, kwa upande mwingine, mauzo yakiongezeka hupata fedha za kujengea zahanati, na papo hapo hupata wagonjwa wa kuijaza zahanati hiyo.

Swali hili linawahusu pia wakazi wa miji midogo ya Lualaba, kama vile Kasaji, ambayo haina ukiritimba wa aina hiyo lakini inakabiliwa na hali ileile iliyouzaa kwingineko, yaani mji wenye mahitaji mengi, mapato machache, na pombe inayouzwa kila siku mbele ya macho yake. Makala yataanza na istilahi, yatafuatilia chimbuko la wazo lenyewe, kisha yatachambua mbinu za uuzaji kwa vipengele vinne vilivyozoeleka katika taaluma ya biashara, yaani bidhaa, bei, mahali na utangazaji. Mwisho, yataeleza upinzani uliotokea na mafunzo yaliyopo.

2.0 Istilahi

Katika Kiswahili sanifu, neno *pombe* hutaja kileo kilichochachushwa, hasa cha nafaka, ingawa katika matumizi ya kila siku linaenea hadi bia ya chupa. *Tembo*, kwa watu wa pwani, ni kinywaji kigemwacho mnazini. Neno hili lilipofika bara lilipanuka maana: katika Nairobi ya wakati wa ukoloni, pombe iliyouzwa na manispaa nayo iliitwa tembo, japokuwa haikutoka mnazini. Huko Katanga, *Tembo* ni jina la bia nyeusi ya kiwanda cha Brasimba, na picha iliyo kwenye chupa ni ya ndovu. Hapo homonimu mbili, kinywaji na mnyama, zimekutana katika nembo moja. Haielekei kuwa msemaji wa Kiswahili hulitamka jina hilo bila maana zote mbili kumpitia akilini.

*Kilabu* nalo linastahili kuangaliwa. Asili yake ni neno la Kiingereza lisilo na irabu baina ya konsonanti zake mbili za mwanzo. Kiswahili kiliingiza irabu, ikapatikana silabi *ki-*, na wasemaji wakaichukulia silabi hiyo kuwa kiambishi cha ngeli, kama ilivyokuwa kwa *kitabu*. Hivyo wingi wake ukawa *vilabu*. Nchini Tanzania, *kilabu cha pombe* ni mahali panapouzwa pombe za kienyeji, na ndiyo maana itakayotumika katika makala haya.

Kwa upande wa Lualaba na majirani zake, liko kundi la maneno yenye shina moja la Kibantu: *walwa* katika Kilunda na Kichokwe, *ubwalwa* katika Kibemba, *bojalwa* katika Kitswana na *utshwala* katika Kizulu. Ukoo huu wa maneno unaonyesha kwamba kinywaji kilichouzwa na manispaa ya Durban na kile kilichopikwa na mama wa Kilunda karibu na reli ya Dilolo ni ndugu. Wakoloni hawakubuni kinywaji hicho. Walichokibuni ni haki ya pekee ya kukiuza.

Haki hiyo huitwa *ukiritimba*. Nje ya ukiritimba hubaki vinywaji vya magendo, na kila nchi ina majina yake. Kwa pombe kali iliyokenekwa, *gongo* hutumika Tanzania, *chang'aa* Kenya, *waragi* Uganda na *lutuku* Katanga.

3.0 Chimbuko la wazo

Mji uliotoa mfano mashuhuri wa awali ni Göteborg, nchini Uswidi. Mwaka 1865 kampuni maalumu ilikabidhiwa leseni za kuuza pombe kali mjini humo kwa masharti mawili makuu. Kwanza, wenye hisa walipata riba ya kiasi tu, na ziada yote ilikwenda kwenye matumizi ya umma. Pili, wasimamizi wa maduka hawakupata faida yoyote kutokana na kileo walichouza. Waliruhusiwa kufaidika na chakula na vinywaji visivyolevya. Msingi wa mpango huu ulikuwa rahisi: mtu asiyepata kitu kwa kila glasi hana sababu ya kumsukuma mteja aongeze glasi nyingine. Mpango ulienea katika miji mingine ya Uswidi na Norwei, na mwaka 1955 Uswidi iliunda kampuni moja ya taifa, Systembolaget.

Barani Afrika wazo la mji kuuza pombe lilichukua sura nyingine. Mwaka 1908 koloni la Natal lilipitisha sheria iliyoziruhusu manispaa kujitwalia haki ya pekee ya kupika na kuuza *utshwala* kwa Waafrika, na Durban ikaanza kuitumia sheria hiyo mwaka 1909. Mapato yaliwekwa katika akaunti ya utawala wa Waafrika, yakalipia mabweni ya wafanyakazi, polisi na ofisi. Kwa maneno mengine, Mwafrika aligharimia utawala uliomtawala kwa kila kopo alilokunywa. Utaratibu huu uliitwa mfumo wa Durban, na maofisa wa makoloni mengine ya Kiingereza walivutiwa nao, kwa kuwa mji uligawanywa kwa rangi bila walipa kodi wa Kizungu kuguswa mfukoni.

Tofauti baina ya mifumo hii miwili ndiyo ufunguo wa mambo yote yatakayofuata. Yote miwili iliweka kileo mikononi mwa mji. Lakini Göteborg ilitenganisha faida na muuzaji ili kileo kipungue, ilhali Durban ilifungamanisha faida na bajeti ili utawala ujilipie wenyewe.

4.0 Mbinu za uuzaji

4.1 Bidhaa

Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliimarisha marufuku ya kuwauzia Waafrika pombe kali zilizotoka nje, na sheria za makoloni ziliwazuia wasikeneke zao. Kwa hiyo bidhaa iliyobaki kwa manispaa ilikuwa pombe ya nafaka. Tabia ya kinywaji hiki ndiyo iliyoamua namna ya kukiuza. Mtama au ulezi huoteshwa ukawa kimea. Uji huachwa uchachuke kidogo, hupikwa, huongezewa kimea kingine, huchujwa kwa chujio lenye matundu makubwa, kisha hutiwa hamira. Kinachopatikana ni kinywaji kizito, chenye machicha, na chenye kileo cha takriban asilimia 3 hadi 4. Tena kinaendelea kuchachuka hata kinapouzwa, na baada ya siku chache tu huwa kimeharibika.

Bidhaa ya namna hiyo haiwekwi ghalani, wala haisafirishwi mbali. Lazima ipikwe karibu na mnywaji na iishe kwa wakati, kwa hiyo mpishi wa manispaa alilazimika kukadiria kiu ya mji siku kadhaa mbele. Kipimo chake kikuu kilikuwa kalenda ya mishahara. Siku ya malipo kilabu kilijaa, na katikati ya mwezi mapipa yalibaki.

Hoja kubwa ya manispaa katika kuinadi pombe yake ilikuwa usafi: ilipikwa katika mitambo, ilikaguliwa na bwana afya, na haikuongezwa vitu vya kuipa ukali. Hoja hii haikuwa ya uongo mtupu. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini ukaguzi ulikuwa na upande wa pili. Manispaa ilikuwa mpishi, ikawa mkaguzi wa upishi wake, na ikawa pia mshitaki wa mpishi mwingine.

4.2 Bei na kipimo

Kilabu cha manispaa kiliuza kwa kipimo kilichojulikana na kwa bei moja, na mteja alilipa fedha taslimu. Hili lilikuwa jambo jipya. Kwa mpishi wa mtaani, kata moja ilijazwa kulingana na udugu, ujirani na deni la jana. Kipimo cha manispaa kilimlinda mteja asipunjwe, na kiliwezesha hesabu kukaguliwa. Lakini kilimwondolea pia jambo alilolithamini kuliko bei, nalo ni mkopo. Mfanyakazi aliyeishiwa fedha wiki mbili kabla ya mshahara hakuwa na nafasi mbele ya karani wa kilabu, ila kwa mama muuzaji alikuwa na daftari lake.

Bei yenyewe iliwatatiza madiwani. Ikipanda, wanywaji walikimbilia vichochoroni. Ikishuka, unywaji uliongezeka na faida kwa kila kopo ikapungua. Bei iliyofaa kwa bajeti haikuwa lazima iwe ndiyo iliyofaa kwa afya, na bajeti ndiyo iliyokuwa na karani wa kuitetea.

4.3 Mahali na saa

Mjini Nairobi, manispaa ilianzisha ukiritimba wake mwanzoni mwa miaka ya 1920 huko Pumwani, mtaa uliotengwa kwa ajili ya Waafrika. Mahali hapo palichaguliwa kwa makusudi, ili wanywaji wakusanyike sehemu moja inayoonekana na polisi, mbali na mitaa ya Wazungu. Katika Ukanda wa Shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, sheria ya pombe ya mwaka 1930 ilizipa mamlaka za miji nafasi kama hiyo. Miji kama Ndola, Kitwe na Luanshya ikawa na kumbi kubwa za pombe karibu na makazi ya wachimbaji, na faida yake ikaelekezwa kwenye huduma za ustawi kama michezo na kumbi za burudani.

Dar es Salaam ilifuata njia tofauti. Badala ya kupika yenyewe, mamlaka ya mji ilitenga soko la pombe, na wanawake wapishi wakapangishiwa nafasi humo. Mji ulipata kodi na uwezo wa kukagua, nao wanawake wakabaki na ufundi wao, wateja wao na sehemu ya faida. Kwa mtazamo wa uuzaji, njia hii ilikuwa na akili zaidi, kwa kuwa iliwageuza washindani kuwa wapangaji. Kasoro yake ni kwamba nafasi zilikuwa na kikomo, na aliyekosa nafasi alibaki mhalifu.

Saa za kufungua na kufunga nazo zilikuwa sehemu ya mkakati. Desturi ya kuweka saa maalumu iliendelea baada ya uhuru. Nchini Tanzania, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliweka utaratibu wa leseni na saa za kuuza, vilabu vya pombe za kienyeji vikiwemo, na ada za vilabu zikawa chanzo kimojawapo cha mapato ya halmashauri.

4.4 Utangazaji na majina

Kwa muda mrefu manispaa hazikutangaza pombe zao, kwa kuwa sheria iliwafanyia kazi hiyo. Methali husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiritimba uliivuruga hekima hii, maana bidhaa haikuhitaji kuwa njema ili ijiuze, wala haikuhitaji kujitembeza hata ilipokuwa mbaya.

Mabadiliko yaliletwa na jina moja. Katika miaka ya 1950, mfanyabiashara Max Heinrich alianzisha mjini Kitwe upishi wa kiwanda wa pombe ya nafaka, nayo ikaitwa *Chibuku*. Husimuliwa kwamba jina hilo linatokana na kitabu alichoandikia taarifa za upishi na maoni ya wanywaji. Kwa upande wa isimu, maelezo haya yanakubalika: ni neno la Kiingereza la kitabu lililovikwa kiambishi *chi-* cha lugha za huko. Lilipoingia Tanzania lilitamkwa pia *kibuku*, yaani likabadilishiwa kiambishi kikawa cha Kiswahili, nalo likaketi katika ngeli moja na *kilabu*. Ikumbukwe kwamba machicha ya pombe hii hutuama chini, hivyo ni lazima itikiswe kabla ya kunywewa. Wauzaji waliligeuza sharti hilo kuwa tangazo, na pakiti yake ikaitwa kwa Kiingereza jina la kutikisatikisa. Hapo kasoro ya bidhaa ikawa alama yake.

Chibuku iliwaonyesha madiwani jambo walilokuwa hawajalifikiria: pombe ya kienyeji inaweza kuwa na jina, sura na historia, na mnywaji anaweza kuichagua badala ya kuelekezwa kwake na askari.

5.0 Mshindani aliyesahauliwa

Mipango yote hii ilimwacha mtu mmoja nje ya hesabu, naye ni mwanamke mpishi. Katika miji ya ukoloni, ambamo ajira za mshahara zilikuwa za wanaume kwa sehemu kubwa, upishi wa pombe ulikuwa miongoni mwa njia chache za mwanamke kujipatia fedha zake mwenyewe. Ukiritimba ulipotangazwa, kazi iliyokuwa heshima kijijini iligeuka kosa mjini.

Yafaa kuulizwa kwa nini mwanamke huyu hakushindwa, ingawa alipigwa faini, alimwagiwa pombe yake na alifungwa. Jibu linapatikana kwa kulinganisha walichouza wahusika hawa wawili. Manispaa iliuza kinywaji. Mama aliuza kinywaji pamoja na kiti, mkopo, chakula, habari za kwao na lugha ya kwao. Ukumbi wa manispaa ulikuwa na uzio, mabenchi na askari langoni. Kwa mama palikuwa nyumbani. Taaluma ya biashara ingesema kwamba manispaa iliijua bidhaa yake lakini haikumjua mteja wake.

Upinzani ulikuwa pia wa siasa. Mwaka 1929 wafanyakazi wa Durban walisusia kumbi za pombe, na katika ghasia za Juni mwaka huo watu 8 waliuawa, Waafrika 6 na Wazungu 2. Mwezi Juni 1959 wanawake wa Cato Manor, pembezoni mwa Durban, walizivamia kumbi hizo wakidai haki ya kupika. Katika miaka ya 1950 vilabu vya Rhodesia ya Kaskazini vilisusiwa wakati wa harakati za ukombozi. Mwaka 1976 vijana wa Soweto walizichoma kumbi za pombe na maduka ya vileo yaliyoendeshwa na utawala, wakiona kwamba fedha za baba zao zilinyweshwa humo ili kulipia utawala wa kibaguzi.

Nchini Kenya, wanawake wa Kinubi wa Kibera walikuwa mashuhuri kwa pombe yao kali tangu zamani za ukoloni. Sheria ya mwaka 1980 ilipiga chang'aa marufuku kabisa. Marufuku hiyo ilidumu miaka 30, chang'aa ikaendelea kunywewa, na mwaka 2010 sheria mpya ya udhibiti wa vileo ikaifuta ile ya zamani na kuruhusu kinywaji hicho kitengenezwe kwa leseni na kwa viwango. Uganda ilikuwa imejaribu njia ya kati mapema zaidi: kwa sheria ya mwaka 1965 wakenekaji wa *enguli* walitakiwa kuwa na leseni na kukiuzia kiwanda, nacho kikakisafisha na kukipa jina la Uganda Waragi.

6.0 Miji inayouza hadi leo

Mfumo wa mji kuuza vileo haukufa na ukoloni. Nchini Zimbabwe, halmashauri ya jiji la Bulawayo inamiliki kampuni ya Ingwebu, inayopika pombe ya nafaka. Harare nayo ilikuwa na kampuni yake, Rufaro Marketing, ambayo baadaye iliacha kuuza na kubaki kupangisha majengo ya vilabu. Tatizo lililowakabili wote wawili ni la soko huria. Katika muongo wa 2010 viwanda binafsi vilileta pombe ya nafaka inayodumu wiki kadhaa bila kuharibika, katika chupa za plastiki. Pombe iliyoweza kukaa rafuni ilikwenda dukani, na mteja hakuwa tena na sababu ya kuifuata ukumbini. Faida ya kuwa karibu na mnywaji, iliyokuwa nguzo ya vilabu vya miji, ikatoweka.

Katika jimbo la Minnesota, Marekani, miji mingi midogo imemiliki maduka ya vileo tangu marufuku ya taifa ilipoondolewa mwaka 1933. Sheria ya jimbo huruhusu mji wenye wakazi wasiozidi 10,000 kuanzisha duka la namna hiyo. Mkakati wao wa uuzaji unategemea hoja moja, nayo ni matumizi ya faida. Mteja anaambiwa kwamba fedha yake itatunza bustani, uwanja wa michezo au gari la zimamoto la mji wake. Hoja hii ina nguvu, kwani mnunuzi huona uwanja wenyewe. Ina hatari pia, maana mji uliozoea kulipia bustani kwa vileo huwaona wanaotaka vileo vipungue kuwa maadui wa bustani.

Systembolaget ya Uswidi inafuata upande wa pili. Haitoi punguzo la bei kwa anayenunua chupa nyingi, haiwauzii walio chini ya miaka 20, na haipaswi kupendelea chapa moja kuliko nyingine. Ni duka ambalo lengo lake si kuongeza mauzo, na linawaeleza raia hivyo waziwazi. Jambo la kuzingatia ni kwamba hata duka la namna hiyo linahitaji mkakati. Lisipokuwa na huduma nzuri, maelezo sahihi na bidhaa za kutosha, raia wataliacha, na pamoja nalo wataacha udhibiti wote.

7.0 Kasaji na miji ya Lualaba

Kasaji imo katika teritware ya Dilolo, kwenye reli itokayo Tenke kupitia Kolwezi na Mutshatsha kuelekea mpaka wa Angola. Reli hiyo iliunganishwa na bandari ya Lobito mwaka 1931. Biashara ya mbali kupitia Angola ilikatika kwa miongo mingi baada ya vita vya mwaka 1975, na katika miaka ya karibuni juhudi za kufufua njia hiyo zimeanza kurudisha mizigo. Kila mahali reli ilipopita, vinywaji viliifuata: bia za Simba na Tembo kutoka Lubumbashi kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine vinywaji vya nyumbani, *munkoyo* wa mahindi uliotiwa mizizi, pamoja na *lutuku*.

Ama kuhusu mapato, hali ya miji ya namna hii ni ngumu. Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu maeneo ya utawala yaliyogatuliwa iliyapa maeneo hayo haki ya kuwa na fedha zake. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inayapa asilimia 15 ya mrabaha wa madini, lakini fungu hilo huyafikia tu maeneo ambayo mgodi umo katika ardhi yao. Eneo lisilo na mgodi hubaki na ushuru wa soko na ada za vibali, na vibali vya kuuza vinywaji ni miongoni mwa vile vilivyo rahisi kutoza. Kwa hiyo, ingawa hakuna ukiritimba, uhusiano baina ya pombe na mfuko wa mji upo tayari.

Yaliyotokea kwingineko yanatoa mafunzo manne. La kwanza ni kwamba mama anayepika ni bora awe mpangaji kuliko kuwa mhalifu. Soko la pombe la Dar es Salaam lilipata kodi bila kuua ufundi, na mpishi mwenye nafasi inayotambuliwa hukaguliwa kwa urahisi kuliko yule anayejificha. Fauka ya hayo, munkoyo na lutuku si kitu kimoja. Sheria inayoviadhibu kwa usawa humsukuma mpishi kwenye kile kinacholevya zaidi, kwa kuwa huchukua nafasi ndogo, hufichika haraka na huleta faida kubwa.

La pili ni kutenganisha mkono unaouza na mkono unaokagua. Mji ukimiliki kilabu, bwana afya asilipwe kutokana na mauzo, na msimamizi asipate nyongeza kwa kila kreti. Göteborg ililiona hili mwaka 1865.

La tatu ni kuifunga faida kwenye jambo linaloonekana, lakini lisilo la lazima. Faida ya vileo ikijenga uwanja wa mpira, mji unaweza kuvumilia mwaka ambao watu wamekunywa kidogo. Ikilipa mishahara ya walimu au dawa za wazazi, mji utalazimika kutamani ulevi.

La nne linahusu lugha. Tangazo la afya lisilotofautisha *pombe*, *munkoyo* na *lutuku*, likasema tu kwa Kifaransa kwamba ulevi ni mbaya, halimfikii anayekunywa. Wafanyabiashara walilitambua hili mapema. Wao walichukua majina ya simba, tembo na kitabu kutoka vinywani mwa watu wenyewe. Mji unaotaka kushauri hauna budi kuijua msamiati ya wakazi wake kama muuzaji anavyoijua.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kilabu cha pombe cha mji hakikuwa na mkakati mmoja. Palikuwa na mkakati wa kupunguza kileo kwa kumwondolea muuzaji faida, na mkakati wa kugharimia utawala kwa kumwondolea mshindani uhuru. Wa kwanza ulihitaji kumshawishi raia, wa pili ulihitaji askari. Pale askari alipokuwa ndiye tangazo kuu, biashara iliingiza fedha kwa muda, kisha ikaleta migomo na moto. Pale raia alipoelezwa fedha yake inakwenda wapi na akaiona kazi yake, duka lilidumu. Kwa mji wenye mfuko mdogo, kishawishi cha kufuata njia ya pili ni kikubwa, hasa kwa kuwa kodi ya pombe hulipwa na watu wasio na sauti katika baraza. Ni wajibu wa wanaolitunga shauri hilo kukumbuka kwamba kila kopo linaloingia katika hesabu ya mapato limetoka katika hesabu ya kaya fulani.